MAISHA YA ASKARI MDOGO KATIKA KAMBI ZA RUGA-RUGA

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama, Kenyamonta)



Katika mkutano uliopita palizuka ubishi ambao haukumalizika, kwa kuwa jua lilikuwa limekwisha kuchwa. Mwenzetu mmoja alisema ya kuwa ruga-ruga walikuwa mashujaa, na watoto wafundishwe habari zao kwa fahari. Mwingine akamjibu ya kuwa walikuwa wanyang'anyi tu. Tukaagizwa twende tukatafute habari, kisha tuje tuseme. Tumetafuta kadiri ya uwezo wetu.

Twajua wako watakaouliza, Kenyamonta na Unyamwezi wapi na wapi? Lakini kulinganisha kwafaa. Kwetu Ngoreme vita vilikuwa kazi ya vijana wa rika, na watu walijikusanya katika maboma kwa hofu ya Wamasai. Kijana alitoka na rika lake akarudi kwa mama yake. Unyamwezi, katika karne ya 19, alitokea mtu wa namna nyingine: askari asiye na kwao pa kurudi.

Vita vyenyewe vilianza nyumbani, ndani ya ukoo mmoja. Mtemi Fundikira wa Unyanyembe alipofariki, karibu na mwaka 1858, alitawazwa Mnywa Sele. Huyu alitaka Waarabu wa Tabora walipe ushuru kwa mali yao, wao wakakataa, na mwaka 1860 wakamwondoa wakamweka Mkasiwa mahali pake. Mnywa Sele akaingia porini pamoja na watu wake, akazisumbua njia za misafara mpaka alipouawa mwaka 1865. Speke alimkuta mwaka 1861, akajaribu kuwapatanisha asifaulu. Basi Wanyanyembe walipigana wenyewe kwa wenyewe miaka hiyo yote, na kabla jeraha halijapona akainuka Mirambo wa Urambo, akapigana na Waarabu na Mkasiwa tangu mwaka 1871.

Sasa tumtazame askari mdogo. Alikuwa nani? Wengi walikuwa vijana waliokamatwa vitani, au watumwa waliotoroka, au wapagazi walioachana na misafara, au watoto ambao vijiji vyao vilikwisha teketezwa. Mirambo alimweleza Stanley mwaka 1876 ya kuwa vitani hapendi kuchukua watu wazima wenye wake na watoto. Vijana ndio bora, kwani hawana cha kuwavuta nyuma. Tuliposoma maneno hayo tulinyamaza kidogo. Sisi tulio walimu tunawajua vijana wa umri huo, tunawaona kila asubuhi.

Kambi yake ilikuwa hivi. Jeshi lilipokuwa safarini lilifuata desturi ya misafara ya Wanyamwezi: jioni walikata matawi na majani, wakajenga vibanda kwa duara, na nje wakaweka ua wa miiba. Watu hawakula kila mtu peke yake. Walifanya makundi madogo, kila kundi na chungu chake, na mafiga yake matatu. Chakula kilikuwa ugali wa mtama, na kitoweo chochote kilichopatikana: majani, kunde, karanga, na nyama siku ya bahati. Katika kundi hilo la chungu kimoja ndimo mlimokuwa udugu wote wa askari. Akiugua, hao ndio waliomtekea maji. Akifa, hao ndio waliogawana nguo yake.

Wanawake nao walikuwamo, tena wengi, na aghalabu walikuwa mateka. Walitwanga, walipika, walichukua mizigo. Wenye kuandika habari za vita hivi huwataja pamoja na pembe na ng'ombe katika hesabu ya nyara, kisha huwasahau. Walakini pasipo wao kambi isingalikaa siku tatu.

Silaha ilikuwa bunduki ya kushindiliwa baruti kwa mdomo, pamoja na mkuki na upinde. Baruti na bunduki zilitoka pwani, kwa njia ile ile waliyokuwa wakiipigania, hata vita vilipofunga njia viliwafungia na wao baruti. Ruga-ruga alijipamba kwa manyoya ya ndege na nguo nyekundu, na wengi walivuta bangi kabla ya kwenda vitani. Kadhalika mfumu aliwatia dawa ya kinga. Tusiwacheke. Mtu anayekwenda kusimama mbele ya risasi hutafuta cha kumshika moyo.

Tumefika penye jambo ambalo sisi watu wa mshahara yatupasa kulitazama kwa makini. Askari wa misafara ya pwani alipewa posho yake ya nafaka, kibaba kwa siku, au nguo ya kununulia. Ruga-ruga hakuwa na kibaba. Mshahara wake ulikuwa nyara. Pembe zilikuwa haki ya mtemi. Yeye alingoja kugawiwa nguo, au mbuzi, au mtu. Maana yake ni kwamba siku ya amani ilikuwa siku ya njaa, na mtemi mwenye askari elfu za namna hiyo hawezi kukaa kitako hata akitaka. Kijiji kisichokuwa na kosa lolote kiliweza kuchomwa kwa sababu ghala yake ilikuwa imejaa na tumbo la kambi lilikuwa tupu. Mwenzetu aliyesema kuwa walikuwa wanyang'anyi hakukosea, ila hakusema ni nani aliyewaweka katika hali ya kula kwa kunyang'anya.

Na upande wa Tabora haukuwa bora. Mwezi wa Agosti 1871 Waarabu walitoka na watu zaidi ya elfu mbili, pamoja na Stanley, ambaye alikuwa akienda kumtafuta Livingstone. Waliteka Zimbizo bila shida kubwa. Kisha kijana mmoja wao, Soud bin Sayd, akaenda na watu kama mia tano kushambulia Wilyankuru. Wakaiteka, wakakusanya pembe, nguo na mateka, wakafunga mizigo. Wakati wa kurudi, njiani, Mirambo alikuwa amewalaza watu wake katika majani pande mbili za njia. Wale wa Soud walikuwa wamejitwika. Mtu mwenye mzigo kichwani hana mkono wa kushika bunduki! Soud akauawa pamoja na wengi wa watu wake. Habari ilipofika Zimbizo jeshi zima lilitawanyika, kila mtu akakimbia na nafsi yake, na Stanley, ambaye alikuwa mgonjwa wa homa, karibu aachwe nyuma. Siku chache baadaye, tarehe 22 Agosti, Mirambo aliingia Tabora akaichoma sehemu yake. Hesabu ya Waarabu waliokufa twaipata kwa majina. Hesabu ya askari wao weusi hatuipati hata kwa jumla.

Wala si risasi tu. Ndui ilitembea na misafara na majeshi, na kuhara damu kulikaa palipo na watu wengi na maji machafu. Ndugu zetu wa zahanati wanajua kambi ya vibanda vya majani iliyokaa mwezi mmoja mahali pamoja huwaje.

Mtatuuliza, je, wao wenyewe walisema nini? Hapa ndipo tulipohuzunika. Stanley aliandika, Livingstone aliyekaa Kwihara mwaka 1872 aliandika, Dokta Southon wa misioni aliyekaa Urambo tangu 1879 aliandika, na Tippu Tip aliacha habari za maisha yake kwa Kiswahili. Wote hao walizungumza na watemi na wakubwa. Mwenye kukaa penye mafiga hakuulizwa.

Mirambo alifariki mwezi wa Desemba 1884, na Nyungu ya Mawe wa Ukimbu, mwenye ruga-ruga wengi vile vile, alifariki mwezi huo huo. Utawala wa Nyungu ulishikwa na binti yake Mgalula, nao ukadumu. Wa Mirambo ukavunjika upesi. Mwaka 1893 Wadachi waliivunja ngome ya Isike, mtemi wa Unyanyembe, naye akawasha baruti ajilipue asishikwe. Ruga-ruga hawakwisha siku hiyo. Wadachi waliwaandika vijana wa namna ile ile wawasaidie katika vita vyao, wakawaita kwa jina lile lile, na katika vita vya Maji Maji, mwaka 1905 mpaka 1907, wakatumwa kuchoma vyakula vya watu wa kusini. Watu wa huko walipata njaa kuu.

Basi, Bwana Mwenyekiti, katika ubishi ule sisi hatumpi yeyote ushindi kamili. Twaomba tu kwamba mwalimu atakayewafundisha watoto habari za Mirambo, na afundishe, kwani alikuwa mtu mkubwa, awaambie pia habari za kijana aliyelala katika kibanda cha majani akingoja kugawiwa. Tumekwisha. Tuko tayari kusikia maswali, na kama yuko mwenye babu aliyesimulia habari za mambo haya, tungependa kumsikia yeye kwanza.