Kisiki Kilichokatwa Bado Kina Uhai

(Muziki unapanda, kisha unashuka.)



Leo tuongee juu ya kuni. Akina mama, mnajua safari imekuwa ndefu. Mnajua pia maneno yanayotokea mkikutana na wenyeji porini, wote mkitafuta mti uleule.

Mwaka 1983 huko Niger, Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, kijana ambaye hakuwa amefika miaka 30, alikuwa karibu kukata tamaa. Miche mingi aliyopanda ilikuwa imekufa. Siku moja alisimama njiani akatazama majani ya kichaka kidogo. Akagundua kwamba si kichaka, ni mti uliokatwa unaochipua tena. Mizizi ilikuwa hai chini ya ardhi.

Wakulima wakaanza kutunza visiki. Kwa miaka kama 20, miti ilirudi kwenye hekta milioni 5 hivi. Huko Dodoma, Tanzania, njia hii inaitwa Kisiki Hai.

Inafanywa hivi. Chagua kisiki chenye machipukizi. Acha machipukizi matatu hadi matano, yaliyonyooka na yenye nguvu. Mengine yakate kwa panga kali. Punguza matawi ya chini, usipite nusu ya urefu. Funga kitambaa kama alama, watu wajue mti una mtunzaji. Zuia mbuzi. Vijiti ulivyokata, peleka jikoni. Hununui mche, humwagilii maji, na kivuli kinasaidia udongo kushika unyevu mvua zikichelewa.

Mtu atauliza: "Ardhi si yangu. Nitunze mti wa nani?" Swali hilo ni la haki. Ndiyo maana tunaanza na mazungumzo kabla ya panga. Muoneni mwenye ardhi pamoja na viongozi wa RWC. Kubalianeni nani atakata matawi, na lini. Bila hivyo, mti unaoutunza leo utakatwa na mwingine kesho. Mkikubaliana, mkimbizi na mwenyeji watakuwa na sababu moja ya kuulinda.

Wiki hii, zunguka karibu na nyumba yako, uhesabu visiki vinavyochipua. Kisha mwambie jirani.



(Muziki unapanda.)