Matairi Mapya Yafungwe Mbele au Nyuma?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wenye kwao Mbita)



Tumeombwa kusema habari ya gari letu, nasi tutaisema yote, hata sehemu yenye aibu. Sisi ni watu wa reli, na kwetu ni Mbita na Rusinga. Treni ilifika Kisumu mwaka 1901, lakini Mbita haijafika hata leo. Kwa hiyo mtu akipata ruhusa ya siku mbili, au akiletewa habari ya msiba, hana budi kwenda kwa barabara. Ndiyo sababu tulichanga tukanunua Toyota Probox iliyokwisha tumika, iwe ya wote.

Gari hili huvutwa na magurudumu ya mbele. Matairi ya mbele yanabeba injini, yanavuta gari, yanafuata usukani, na dereva akikanyaga breki uzito mwingi huja juu yao. Ya nyuma yanafuata tu kama behewa. Basi ya mbele huisha upesi. Yetu yalikuwa kipara, na ya nyuma yalikuwa yamebakiwa na meno mafupi. Tukachanga tena, fedha zikatosha matairi mawili tu. Yafungwe wapi? Sote tulisema mbele, maana ndiko kwenye kazi. Hakuna aliyepinga, nasi tunaosema hapa tulikuwa wa kwanza kuinua mkono.

Mvua za Aprili zilipokuja tulikwenda Rusinga kulitazama kaburi la Tom Mboya, yule katibu mkuu wa shirikisho la wafanyakazi miaka ya 1950, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969. (Mfanyakazi ambaye hajafika pale na afike.) Tuliporudi tulivuka daraja, lile lililochukua mahali pa tuta la miaka ya 1980, tukashika njia ya Homa Bay. Mvua ikatukuta njiani. Kwenye kona dereva aligusa breki. Mbele kulishika barabara vizuri kabisa, nyuma kukakataa. Gari likazunguka, likatazama Mbita tulikotoka, kisha likaingia mtaroni kinyumenyume. Hatukuwa tukienda mbio.

Mke wa mwenzetu mmoja alivunjika mkono. Kazi yake ni kupasua samaki na kuwauza, na kwa miezi miwili hakuweza kushika kisu. Fedha tulizodhani tumeziokoa zilikwenda hospitali, na nyingine zilikwenda kwa unga wa nyumba ile.

Baadaye tuliuliza mafundi na kusoma maneno ya watengenezaji wa matairi. Jibu lao ni moja: ukinunua mawili, mapya yafungwe nyuma, hata kama gari linavutwa kwa mbele. Meno ya tairi ni mifereji ya kutoa maji. Mifereji ikijaa, tairi hupanda juu ya maji na kuteleza. Mbele kukiteleza, gari husukumika kwenda moja kwa moja. Dereva huliona jambo hilo kwenye usukani, akiondoa mguu kwenye mafuta mara nyingi mbele hushika tena. Nyuma kukiteleza, gari hugeuka, na usukani hauna amri juu ya magurudumu ya nyuma. Sisi wa reli tungelifahamu jambo la kuteleza kuliko watu wengine. Injini ya treni ina sanduku la mchanga wa kumwaga relini gurudumu likikosa kushika. Probox haina sanduku hilo.

Lakini msisikie nusu. Hatusemi tairi kipara libaki mbele, hilo hutupwa. Yale ya nyuma yenye meno ya kutosha huhamia mbele, na mapya huenda nyuma. Kama ya nyuma nayo yamekwisha, yanatakiwa manne, na gari likae mpaka fedha zipatikane. Sheria ya Uingereza inataka meno yasipungue milimita 1.6, lakini kwenye mvua kipimo hicho ni kidogo mno. Tena yanunuliwe mawili mawili ya kipimo kimoja. Relini magurudumu mawili ya ekseli moja huchongwa yawe na kipenyo sawa. Na gari pia lenye tairi kubwa upande mmoja huvuta upande.

Mkipewa tairi la mtumba, tafuteni ubavuni namba nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Meno yanaweza kuwa marefu na mpira umekwisha kuzeeka.

Tazameni pia lile mlilotoa. Likiisha kingo zote mbili, upepo ulikuwa haba. Likiisha katikati, upepo ulizidi. Letu liliisha upande wa ndani peke yake, yaani magurudumu hayakunyooka, na tungefunga jipya bila kunyoosha lingekwisha vilevile.

Kuhusu jeki, jambo moja ambalo karibu litudhuru. Handibreki ya gari letu hushika magurudumu ya nyuma, na giya hushika ya mbele. Ukiinua gurudumu moja la mbele, giya haishiki tena, maana lile lililo hewani huzunguka. Ukiinua la nyuma, handibreki imebaki na moja tu. Kwa hiyo wekeni mawe kwenye magurudumu yaliyo chini, nati zilegezwe kabla ya kuinua, na zikazwe kwa kupishana. Zijaribiwe tena mkifika Homa Bay.

Matairi mawili mengine yatanunuliwa baada ya mshahara wa mwezi huu. Mweka hazina yuko pale karibu na mlango na daftari lake, na mama yule tuliyemtaja amekaa mstari wa pili. Mkono wake unaendelea vizuri.