Kuwasafirisha Jirani Wasioweza Kuendesha Motokaa
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wanachama na Wazee



Kamati imeniomba niseme machache juu ya jambo ambalo limetajwa mara nyingi katika vikao vyetu, lakini halijapata kupangwa: yaani kuwasafirisha jirani zetu wa vijijini wasioweza kuendesha motokaa, ambao kwa sababu hiyo hukosa kufika hospitali, benki, ofisi za serikali, na hata mazishi ya ndugu zao. Sitasema sana juu ya huruma, kwa kuwa huruma tunayo. Nitasema juu ya mpango, kwa kuwa huo ndio uliopungua.

Kwanza yatupasa tuwatambue hao tunaowanena. Yuko mzee ambaye hakupata kujifunza kuendesha. Yuko aliyeendesha lori miaka mingi, na sasa macho yake yamezibwa na mtoto wa jicho. Yuko mwenye kifafa, ambaye kwa usalama wake na wa wenzake haifai ashike usukani. Yuko mjane ambaye motokaa ya marehemu mumewe imesimama uani kwa kuwa hapana wa kuiendesha. Hawa wote si lazima wawe maskini, wala si wavivu. Wamepungukiwa na kitu kimoja tu, nacho ni njia ya kutoka nyumbani na kurudi.

Mtu atauliza: Je, hakuna matatu? Hakuna bodaboda? Zipo, na tunazishukuru. Baiskeli zilizovusha watu mpakani Busia tangu miaka ya 1960 ndizo zilizotuachia jina la pikipiki hizi, ambazo leo hufika mahali ambapo basi haliwezi kufika. Lakini bodaboda haimfai mama aliyeshikwa na uchungu, wala aliyevunjika nyonga, wala aliyepasuliwa juzi. Matatu nayo hungoja ijae, na mgonjwa hana budi kungoja pamoja nayo. Tutazame milima yetu ya Taita. Mtu wa Werugha aliyeandikiwa kwenda hospitali ya rufaa ya kaunti kule Voi hushuka kwanza Wundanyi, kisha Mwatate, ndipo aishike njia ya Voi. Kijana huiona kuwa ni safari ya asubuhi moja. Mzee wa miaka themanini, akipanda na kushuka magari huku amekumbatia bahasha ya picha za eksirei, huishiwa na nguvu kabla hajamwona daktari.

Mwaka 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walichapisha uchunguzi juu ya vifo vya kina mama wazazi, wakaeleza kwamba kuchelewa ni kwa namna tatu: kuchelewa kukata shauri la kutafuta matibabu, kuchelewa kufika, na kuchelewa kutibiwa baada ya kufika. Nawaomba mwangalie jinsi la kwanza na la pili yalivyofungamana. Mtu ajuaye kwamba safari ni taabu huchelewa kukata shauri. Husema, "Tungoje kesho, huenda nikapata nafuu." Hasemi hivyo kwa ujinga; amekwisha kupiga hesabu ya nauli, na amekwisha kupiga hesabu ya aibu.

Hapo kwenye aibu ndipo nilipotaka kufika. Katika vijiji vyetu motokaa zipo. Mwalimu anayo, mwenye duka anayo, mstaafu anayo. Mgonjwa akiomba mara ya kwanza hupewa kwa moyo mweupe. Mara ya pili huomba kwa sauti ya chini. Mara ya tatu haombi tena. Basi mfikirieni mgonjwa wa figo, ambaye hana budi kusafishwa damu mara mbili kila juma. Huyo atahitaji safari zaidi ya mia moja kwa mwaka. Ni nani aliye na uso wa kuomba mara mia? Kwa hiyo nasema kwamba kinachowafunga watu wetu nyumbani, mara nyingi, si ukosefu wa motokaa, bali ni ukosefu wa mtu wa kuwaombea. Hiyo ndiyo kazi ya Chama. Mtu akiombewa na Chama, hawi mdeni wa jirani yake. Ameandikwa katika zamu kama wengine, na anaweza kuinua uso.

Jambo hili si dogo mbele ya sheria zetu pia. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, yataka wazee waishi kwa heshima na wapate matunzo ya jamaa zao na ya Serikali. Mwaka 2018 Serikali ilianza kuwalipa wazee wote waliotimiza miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi katika mpango wa Inua Jamii. Ikiwa mzee atalipa sehemu kubwa ya fedha hizo kukodi pikipiki ya kwenda kuzichukua, atarudi nyumbani na nini?

Wenzetu wamekwisha kujaribu, na yafaa tujifunze kwao. Katika jimbo la Gombe, kaskazini mwa Nigeria, madereva wa chama cha wafanyakazi wa usafiri walijitolea kuwapeleka hospitali kina mama wazazi wenye hatari, bila malipo au kwa gharama ya petroli tu, baada ya kufundishwa namna ya kuwachukua kwa usalama. Ujira wao ulikuwa wa hekima: dereva aliyempeleka mama, akirudi stendi, aliruhusiwa kupakia abiria kabla ya wenzake waliomtangulia katika foleni. Jirani zetu wa Tanzania walifuata njia nyingine. Katika mpango uitwao m-mama, jamaa hupiga simu 115 bila malipo, na pasipo na ambulensi dereva wa hapo kijijini hutumwa, kisha hulipwa. Njia ni mbili, lakini funzo ni moja: wema wa dereva hudumu pale ambapo kuna mtu wa kupokea simu, na pale ambapo dereva haachwi kubeba gharama peke yake.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naleta mashauri manne.

La kwanza, kila mwanachama mwenye motokaa na leseni ajitolee siku moja tu kwa mwezi, aichague mwenyewe. Tusimwombe mtu mmoja siku zote, kwani punda wa watu wote hafi kwa uzee.

La pili, pawe na simu moja, daftari moja na karani mmoja. Mwenye haja ampigie karani, asimpigie dereva. Karani atamtafuta dereva wa zamu, na dereva asiyeweza atamjibu karani bila ya kumvunja mgonjwa moyo.

La tatu, Chama kitoe petroli kutoka katika mfuko wake, na dereva asipokee nauli hata kidogo. Bima ya motokaa ya binafsi kwa kawaida haikubali kubeba abiria wa kulipia, na dereva atozaye nauli aweza kuachwa peke yake siku ya ajali. Tena kila dereva aiulize kampuni yake ya bima kwa barua kabla ya kuanza, na barua ya majibu iwekwe katika jalada la Chama.

La nne, iwepo adabu ya kazi. Abiria afungwe mkanda. Asiyejiweza afuatane na jamaa yake. Dereva angoje mpaka mtu wake atoke, na aliyoyasikia mlangoni kwa daktari asiyapeleke sokoni. Wala tusijifanye ambulensi: anayetokwa na damu nyingi au aliyezimia aitiwe gari la wagonjwa kwanza, na motokaa zetu zitumike pale tu ambapo gari hilo halipatikani.

Wako watakaosema kwamba mfuko wetu ni mdogo. Ni kweli, nami sikuja kuomba Chama kinunue gari. Wazee walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Motokaa zimekwisha kununuliwa na wenyewe. Zimesimama chini ya miti siku nyingi za juma. Tunachoombwa ni petroli, daftari na uaminifu.

Tena tusisahau kwamba sisi tunaoshika usukani leo hatutaushika daima. Macho yatafifia, magoti yatakataa, na siku hiyo kila mmoja wetu atapenda kusikia honi nje ya mlango wake bila ya kuwa ameomba mara tatu.

Karatasi ya majina iko mezani kwa Katibu. Nawaomba wenye motokaa waandike jina na siku kabla ya kuondoka, na Wazee nawaomba watutajie majina ya wale wa vijijini mwao ambao wamekwisha kuacha kuomba. Hao ndio tuanze nao.