Sungura wa Mtoto Anapopiga Chafya Kila Mara

Leo tutazungumza juu ya mgonjwa asiyeweza kutuambia anaumwa wapi. Simaanishi mtoto mchanga. Namaanisha sungura, yule anayekaa katika kibanda nyuma ya jikoni, aliyepewa jina na watoto, na anayelishwa kabla hata ya watoto wenyewe kunywa chai.

Watoto wetu wengi hufuga sungura. Wengine walianza baada ya kujifunza ufugaji shuleni katika vilabu vya 4-K, na wengine walipewa na nyanya au mjomba. Ni jambo jema, kwa sababu mtoto hujifunza kutunza kiumbe kinachomtegemea. Lakini sungura anapougua, mzigo humwangukia mama.

Nitaanza na kisa cha mama mmoja aliyenieleza yaliyompata. Wakati wa baridi, mwezi wa Juni, sungura wa mwanawe alianza kupiga chafya. Mama akanunua dawa katika duka la dawa za mifugo, wakampa siku tatu, chafya zikakoma. Baada ya wiki mbili zikarudi. Akanunua tena, zikakoma, zikarudi. Mara ya nne hakuwa na pesa. Kabatini palikuwa na chupa ya dawa iliyobaki mtoto alipougua kifua. Mama akafikiri: ikiwa ilimfaa mtoto, haiwezi kumdhuru sungura. Wakampa kijiko kidogo asubuhi na jioni. Siku ya pili sungura akaacha kula. Siku ya tatu akaanza kuharisha. Siku ya nne wakamkuta amekufa. Na mtoto, msikilizaji, alikaa siku nyingi akiamini kwamba yeye ndiye aliyemuua, maana ndiye aliyekuwa akishika kijiko.

Kwa nini ugonjwa ule ulirudi kila mara? Na kwa nini dawa ya mtoto ilimuua sungura? Haya ndiyo maswali yetu leo.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Mafua ya sungura hayafanani na mafua yetu, ambayo huja na kuondoka kwa wiki moja. Mara nyingi huletwa na bakteria aitwaye pasturela. Jina hilo limetokana na Louis Pasteur, mwanasayansi wa Ufaransa ambaye mnamo mwaka 1880 alikuwa akichunguza bakteria wa aina hii katika kuku. Yuko pia bakteria mwingine, bordetela, na wakati mwingine hao wawili huwa pamoja.

Jambo la kuelewa ni hili: sungura wengi hubeba bakteria hawa puani na wanaonekana wazima kabisa. Mama sungura huweza kuwaambukiza watoto wake wakingali wadogo. Bakteria hukaa kimya ndani kabisa ya pua na katika matundu ya mifupa ya uso, mahali ambapo dawa haifiki kwa urahisi. Sungura akipata shida, kama vile baridi yenye upepo, msongamano, njaa, safari au hofu ya mbwa, kinga yake hushuka na bakteria huamka. Ukimpa dawa siku tatu, unawapunguza tu. Waliobaki huongezeka tena, na wengine huwa wamezoea ile dawa.

Dalili zake ni zipi? Kwanza ni chafya za mara kwa mara. Kisha kamasi nyeupe au ya manjano. Tazama pia miguu yake ya mbele upande wa ndani. Sungura hujipangusa pua kwa miguu hiyo, kwa hiyo ukikuta manyoya yameshikamana na kukauka, jua anatoa kamasi hata kama hujaiona. Macho yaweza kutoa machozi. Wengine huinamisha kichwa upande mmoja, dalili ambayo yaweza kumaanisha kwamba ugonjwa umefika sikioni. Wengine hupata majipu chini ya ngozi.

Ziko dalili za hatari ambazo hazingoji kesho. Sungura hupumua kwa pua. Ukimwona amefungua mdomo ili apumue, hali yake ni mbaya sana. Vilevile akikaa muda wa saa 12 bila kula wala kutoa kinyesi, mpeleke kwa daktari wa mifugo haraka. Tumbo la sungura halikuumbwa kukaa tupu. Likisimama, aweza kufa hata kabla ya mafua kumuua.

Sasa tuje kwenye ile chupa ya kabatini. Dawa nyingi za kifua wanazopewa watoto wetu ni za jamii ya penisilini, kama amoksilini. Kwa mtoto ni dawa nzuri. Lakini sungura ni mla majani, na chakula chake humeng'enywa na bakteria wema wengi wanaoishi katika utumbo wake. Amoksilini, ampisilini au penisilini ikipita mdomoni mwake, huua hao wema. Mahali pao huchukuliwa na bakteria wabaya wanaotoa sumu. Sungura huharisha na kufa. Dawa za jamii ya klindamaisini na linkomaisini pia ni hatari kwake. Mama yule hakumpa sumu kwa makusudi, wala mtoto hakukosea kushika kijiko. Walikosa tu mtu wa kuwaambia.

Na hapa nina neno la kando kwa ajili ya mtoto mwenyewe. Ile dawa kubaki kabatini ilionyesha kwamba labda mtoto hakumaliza dozi yake. Antibiotiki humalizwa kama alivyoagiza mhudumu wa afya. Haiwekwi kwa ajili ya ndugu yake, jirani wala mnyama.

Basi tiba ya kweli ni ipi? Hatua ya kwanza ni kumwona daktari wa mifugo aliyesajiliwa, si kununua dawa kwa kukisia. Mweleze kila kitu: chafya zilianza lini, dawa gani zilitumika, kwa siku ngapi, na ziliporudi hali ilikuwaje. Kama chupa na pakiti za zamani zipo, zibebe. Daktari atamtazama pua, macho na masikio, na pia meno. Labda utashangaa kwa nini meno. Mizizi ya meno ya juu ya sungura iko karibu sana na pua na mifereji ya machozi. Jino likikua vibaya au likioza, pua itatoa usaha kila mara na hakuna dawa ya mafua itakayomaliza shida hiyo. Wakati mwingine ni kipande cha nyasi kilichokwama puani.

Ugonjwa ukiwa umerudi mara mbili au tatu, muulize daktari kama inawezekana kuchukua kamasi kutoka ndani ya pua na kuipima katika maabara ya mifugo. Maabara huotesha wale bakteria na kujaribu ni dawa gani inayowaua. Gharama ipo, ndiyo, lakini linganisha na fedha ambazo mama yule alitumia mara tatu bila faida.

Daktari aweza kuchagua dawa kama enrofloksasini au mchanganyiko wa sulfa na trimetoprimu. Penisilini yenyewe hutumika wakati mwingine, lakini kwa sindano, tena kwa mkono wa daktari. Dawa hupimwa kulingana na uzito wa sungura, na kwa kawaida hutumika kwa wiki mbili au zaidi, si siku tatu. Hapa ndipo wengi wetu hushindwa. Chafya zikikoma siku ya tano, tunafunga chupa. Usifunge. Na kama ni sungura wa kuchinjwa baadaye, muulize daktari ni siku ngapi zipite baada ya dawa kabla ya nyama yake kuliwa.

Nyumbani, mpanguse pua mara kadhaa kwa siku kwa pamba iliyoloweshwa maji ya uvuguvugu. Sungura huchagua chakula kwa kunusa, kwa hiyo pua ikiziba hamu ya kula hupotea. Mpe majani mabichi yenye harufu, kama dania, pamoja na majani ya viazi vitamu na nyasi kavu safi, na maji wakati wote. Usimpake zile dawa za mafua zenye harufu kali, maana huwasha pua yake zaidi.

Lakini msikilizaji, dawa peke yake haitatosha ikiwa kibanda ndicho kinachomwuguza. Fanya jaribio hili leo jioni. Piga magoti mpaka uso wako ufike pale sungura anapolala, kisha vuta pumzi. Macho yakikuwasha au ukisikia harufu kali ya mkojo, hiyo ni amonia. Wewe umeivuta mara moja. Yeye huivuta usiku na mchana. Amonia huchubua njia za hewa, na bakteria hupata mlango.

Kwa hiyo ondoa matandiko yaliyolowa kila siku. Osha kibanda mara kwa mara kwa sabuni na maji, kisha kikaushe juani. Ukitaka kutumia dawa ya klorini, osha mkojo wote kwanza, kwa kuwa klorini ikichanganyika na amonia hutoa hewa ya sumu. Usitumie vumbi la mbao kama matandiko. Nyasi kavu zisizo na ukungu ni bora. Sungura huvumilia baridi kuliko joto, ila hawezi upepo na unyevu. Wakati wa baridi wengi wetu hufunika kibanda chote kwa gunia au karatasi ya nailoni. Tunamkinga na baridi, lakini tunamfungia na amonia. Funika upande upepo unakotoka tu, na uache juu pawe wazi hewa ipite. Usimweke jikoni penye moshi wa kuni. Moshi huo haumfai yeye wala kifua cha mtoto wako.

Kama una sungura wengine, mtenge mgonjwa. Walishe wazima kwanza na mgonjwa mwisho, kisha nawa mikono. Sungura mpya akae peke yake kwa mwezi mmoja kabla ya kuchanganywa na wengine. Wala usiwafuge pamoja na kuku, kwa maana pasturela huwaua kuku pia.

Na watoto je, wataambukizwa? Mafua ya sungura kwa kawaida hayampati mtoto mwenye afya. Hatari iliyopo ni ya kung'atwa au kukwaruzwa, kwa kuwa pasturela huingia kwenye jeraha. Osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kisha mpeleke mtoto kituo cha afya, hasa likivimba, likiwa jekundu au likiuma. Mtoto mwenye pumu asiwe ndiye anayefagia kibanda. Na mtu yeyote mwenye kinga dhaifu asimshughulikie sungura mgonjwa.

Mwisho, niseme ukweli ambao si rahisi kuusikia. Sungura wengine hawaponi kabisa. Dawa na usafi hutuliza ugonjwa, na sungura huishi miaka kadhaa akila na kurukaruka, huku akipiga chafya siku za baridi. Huo si ushindwe. Mwambie mtoto mapema, kwa lugha anayoielewa, ili siku chafya zikirudi asidhani ni kosa lake. Yule mama niliyemtaja alimketisha mwanawe na kumwambia, "Mimi ndiye niliyetoa dawa, na sikujua. Wewe ulikuwa unamsaidia." Baada ya muda mtoto aliomba sungura mwingine. Safari hii walianza na kibanda.

Kinga ni bora kuliko tiba, msikilizaji.

Maswali ya kuzungumzia kikundini

1. Ni dawa zipi zilizobaki nyumbani kwetu, na kwa nini zilibaki?
2. Tukipiga magoti mbele ya kibanda chetu, tunasikia harufu gani?
3. Daktari wa mifugo aliyesajiliwa aliye karibu nasi anapatikana wapi?