Tusingoje Idd Mosi



Ndugu zangu, tusifichane: kuna vijana wetu wanaokunywa. Ramadhan huacha, Idd mosi warudi palepale. Pombe ni haramu, iwe kidogo au nyingi. Lakini Mola wetu aliujua uzito wa mazoea. Katazo lilishuka kwa hatua: al-Baqara 219, an-Nisaa 43, kisha al-Maida 90 ikafunga mlango.

Basi tufanyeje? Kwanza, ijue saa yako. Kama hamu hukujia baada ya futari, saa hiyo uwe tarawehe. Pili, badilisha njia ya kurudi nyumbani, na namba za wenzako wa chupa zifute. Tatu, pesa ulizokuwa ukinywea mpe mama akuwekee. Nne, aliyezoea kunywa sana kila siku amuone daktari kwanza. Akikata ghafla peke yake anaweza kutetemeka, hata kuanguka kifafa. Hiyo si ruhusa ya kunywa, ni kuilinda nafsi.

Nasi wengine, akisimama kwenye safu tusimkumbushe ya jana. Tukimfukuza sisi, baa itamkaribisha. Shawwal ikiingia, tumpitie jioni.

Wabillahi tawfiq.