Azimio Lenye Jina na Siku



Sisi tunaokaa Kipevu hatuhitaji saa kutuambia kwamba mwaka umegeuka. Usiku wa kuamkia Januari mosi, tukiwa bado katika ibada ya mkesha, meli zilizoko Kilindini hupiga honi, na hapo watu husimama wakashikana mikono, wengine wakalia. Kila mmoja ana neno moyoni. Mwaka huu nitaacha pombe. Mwaka huu nitasali zaidi. Kisha yaja majuma mawili ya karo na sare za shule, na lile neno halionekani tena.

Msidhani wachungaji tumesalimika. Miaka michache iliyopita tuliazimia, mbele ya ushirika wote, kuwatembelea wagonjwa zaidi kuliko mwaka uliotangulia. Watu wakaitikia Amina. Basi palikuwa na mama mzee mmoja asiyejiweza miguu, ambaye chumba chake hakikuzidi mwendo wa robo saa kutoka kanisani. Januari kulikuwa na mikutano. Kwaresima ikaingia, tukasema baada ya Pasaka. Pasaka ikapita, tukasema mvua zipungue kwanza. Binti yake alipotujia mwezi wa Agosti, alikuja kutuita kuzika. Hakutulaumu, na hilo ndilo lililotuuma. Alisema tu kwamba kila Jumapili jioni mamake alitaka kiti cha mgeni kifutwe vumbi, "huenda Mchungaji akapita leo."

Nia tulikuwa nayo, ndugu zangu. Lakini "wagonjwa" si mtu, na "zaidi" si siku. Tazameni bandari yetu. Meli iletayo mafuta kwenye zile gati mpya nne za Kipevu, zilizozinduliwa mwaka 2022, haijiendei tu ikijisemea kwamba itafika ikijaliwa. Hupangiwa zamu na gati, na rubani hutoka kwenda kuipokea baharini. Mafuta yapangiwe zamu, mama mzee asipangiwe?

Zakayo, tunayesoma habari zake katika Luka 19, hakusema atakuwa mkarimu. Alitaja nusu ya mali yake kwa maskini, na kwa kila aliyemdhulumu akataja malipo ya mara nne. Hiyo ni hesabu. Jirani yake angeweza kubisha hodi kesho yake asubuhi kumdai. (Nasi twapenda kuwaza kwamba walibisha, na foleni ikawa ndefu.) Angalieni pia kwamba Bwana alikwisha sema atashinda nyumbani kwake kabla Zakayo hajaahidi hata senti moja. Hakununua neema, alikwisha kuipata, ndipo mkono ukafunguka.

Mwingine atasema: mimi niliazimia vizuri, nikaanguka mwezi wa Machi, mwaka ukaharibika. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Juni alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwezi wa Julai homa ikamwua mkewe Rosine, na mtoto wao mchanga wa kike akafa siku chache tu baadaye. Kaburi lao liko hapa hapa bara, upande wa Nyali. Naye mwenyewe alikuwa mgonjwa. Mwaka gani ulipata kuharibika kuliko ule? Lakini Krapf aliirudia kazi, na mwaka 1846, Rebmann alipokuja, wakapanda pamoja kwenda Rabai. Hakungoja Januari nyingine. Nasi tukianguka Machi, basi turudi Machi hiyo hiyo.

Leo jioni, kabla hamjalala, chukueni kalamu. Msiandike maazimio kumi. Andikeni jina moja: mtu unayemdai radhi, au anayekudai fedha, au anayekungoja bila kusema. Kando yake andikeni siku ya juma, na saa. Kama ni ndugu yako mliyekosana kwa shamba, andika jina lake hata kama mkono unakataa. Sisi letu tumekwisha kuliandika. Ni mzee mmoja wa Chaani, Jumanne saa kumi alasiri, na mzee wa kanisa ameambiwa atuulize Jumatano kama tulikwenda.

Tuombe. Ee Bwana, wawajua wote ambao majina yao tumeyaandika. Utufikishe kwao wangali hai, nasi tungali hai. Amina.