Kupunguza Mifugo Kabla ya Kuhama

Leo tutazungumza juu ya mtu anayetaka kuhama, naye ana kuku na mbuzi uani.

Wengi hungoja wiki ya mwisho. Mnunuzi akifika, anaona vitanda vimekwisha kufunguliwa na mizigo imefungwa. Hapo bei ni yake, si yako. Basi anza miezi mitatu kabla.

Kuku akitaka kuatamia, usimwekee mayai. Huatamia siku 21, na vifaranga wachanga safari yaweza kuwaua. Mayai hayo ule au uuze. Kisha toa majogoo. Jogoo mmoja awatosha majike kumi. Wengine wanakula mtama wako bure. Wauze karibu na sikukuu, watu wanapowatafuta.

Mbuzi ni shauri jingine. Yeye huchukua mimba miezi mitano. Mwenye mimba usimwuze kwa bei ya asiye nayo, wala usimpakie kwenye lori akikaribia kuzaa. Afadhali umwache kwa ndugu yako, mpatane watoto watakuwa wa nani. Mapatano hayo yaandikeni! Ndugu na ndugu husahau upesi kuliko wageni.

Kuku utakaokwenda nao wachanje, wasipate mdondo: tone moja la dawa jichoni, wiki mbili au zaidi kabla ya safari. Mwone na bwana mifugo upate kibali cha kuwasafirisha. Bila karatasi hiyo waweza kuzuiwa njiani, na mbuzi hawajui kungoja juani.

Sasa fungueni madaftari, mwandike: Nina kuku wangapi? Nitahama na wangapi?